Homa Imeisha, Chembe Sahani Bado

Damu inayochangiwa Tanzania hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kinga hiyo ni kubwa na isilegezwe. Ila vipimo hivyo vinajibu swali moja tu, kama damu itamwambukiza mgonjwa. Kama itamfaa, havisemi. Kwa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazokimbilia kuziba mshipa uliochanika, swali hilo la pili lina uzito wake. Ninashikilia kwamba mtu aliyetoka kuugua homa ya dengue, mafua makali au Uviko-19 anaweza kuwa hana tena kirusi mwilini, na bado akatoa chembe sahani zilizochoka.

Chembe sahani zina kazi nyingine mbali ya kugandisha damu: hutambua virusi na kushiriki vita dhidi yake, na vita huziachia majeraha. Mwaka 2013 watafiti wa Brazil walionyesha kwamba chembe sahani za wagonjwa wa dengue zilikuwa na mitokondria (vinu vyake vya nishati) iliyoharibika, nazo zimeshaanza kujiua. Mwaka 2020 wenzao wa Utah, Marekani, waliona chembe za wagonjwa wa Uviko-19 zimeamshwa kupita kiasi na zinashikana upesi. Sasa fikiria chembe za namna hiyo zikitiwa mfukoni. Huko huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, zikitikiswa polepole bila kukoma, kwa siku 5 kwa kawaida. Hata za mtu mwenye afya njema huchakaa humo: hula sukari, hutoa asidi, hupoteza umbo la kisahani. Fundi akiuinamisha mfuko kwenye mwanga, chembe nzima hung'aa kwa mawimbi kama kitambaa cha hariri, zilizoviringika hazing'ai. Chembe iliyoingia mfukoni ikiwa tayari imeamka imeshatumia sehemu ya siku zake kabla hazijahesabiwa.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba waliochunguzwa ni wagonjwa, si wachangiaji waliopona, na kwamba chembe sahani huishi siku 8 hadi 10 tu, kwa hiyo zilizojeruhiwa hutoweka zenyewe. Ni kweli, na ndiyo sababu ninautetea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kusubiri siku 14 baada ya kupona kabisa maambukizi mengi ya ghafla. Muda huo unatosha kizazi kizima cha chembe kupisha kingine. Na uhesabiwe hivyohivyo, tangu kupona kabisa, si tangu homa ilipoanza, kwa kuwa uboho unaozitengeneza nao hupitia ugonjwa huohuo.

Pingamizi zito zaidi linatoka mahali kama Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Katika hospitali nyingi za wilaya kinachotumika ni damu nzima iliyokaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, si mifuko ya chembe sahani. Basi haya yote yanawahusu nini watu wa huko? Yanawahusu zaidi. Baridi huharibu umbo la chembe hizo, na zikishaongezwa kwa mgonjwa ini huziondoa haraka. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hubaki akitegemea damu mbichi, mara nyingi ya ndugu yake. Hapo mwili wa mchangiaji ndio ghala lenyewe. Na kaka aliyekimbia kutoka Misigiri, wilayani humo, huku dada yake akivuja damu hatakuwa mwepesi kusema kwamba juzi alikuwa na homa.

Je, tumkatalie wakati damu haitoshi? Usiku kama huo daktari ndiye apime hatari mbili, na mara nyingine chembe zilizochoka ni bora kuliko kukosa kabisa. Pa kurekebisha ni kwenye kampeni za kuchangia, hasa za shule za sekondari, zinakotoka chupa nyingi. Shule iliyopitiwa na mafua isogezwe wiki mbili na timu ianzie shule nyingine. Hakuna chupa inayopotea. Na kila mchangiaji aulizwe faraghani, kwa tarehe, siku ya mwisho aliyohisi homa, badala ya kuulizwa tu kama anajisikia vizuri leo.