Usikitupe Chungu Hicho!

Je, mama, unayo kona ya baraza ambayo jua halifiki, na kila ua ulilopanda hapo limekataa? Shida hiyo tunaijua. Kwetu dawa yake ilikuwa kempferia, ndugu wa tangawizi tunayotia katika chai.

Jina ni la Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyefika Siam, yaani Thailand ya leo, mwaka 1690. Huko Asia ya kusini-mashariki ndiko kwenye asili ya mmea wenyewe. Majani yake hutanda karibu na ardhi, yakiwa na mabaka kama manyoya ya tausi. Maua ni madogo, ya zambarau. Ua hunyauka siku ile ile, kesho lingine likachanua.

Mvua zikikoma, majani hukauka na mmea hulala ardhini. Kulala huko ndiko kulikotuponza. Tulipoona umanjano tukadhani ni kiu, tukamwagilia asubuhi na jioni. Ukaoza! Chungu cha pili tulikwisha kukiweka penye takataka, jirani alipochimbua kwa kidole akakuta matunguu magumu, mazima kabisa.

Kwa hiyo majani yakikauka, acha maji, uweke chungu mahali pakavu. Chipukizi zikitokeza, mwagilia kidogo kidogo. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji, usiotuamisha maji. Ukitaka kumgawia shoga yako, gawanya matunguu kabla hayajachipua, naye mwambie asiuweke kwenye jua kali.