KUTEMBEA NCHI JIRANI SI ANASA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huku vijijini halijafikiriwa ipasavyo. Kwetu, mtu akisema anakwenda nchi ya nje, wenzake hutazamia mojawapo ya sababu nne: ugonjwa, masomo, biashara au msiba. Lakini mume na mke wakisema wanakwenda kuzuru marafiki na kuona miji ya watu, basi huhesabiwa kuwa wamepungukiwa na akili, au wameokota fedha. Mimi napinga fikra hiyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Muheza, na mke wangu ni mshonaji wa nguo. Katika likizo ya mwezi wa Juni tulikwenda Mombasa na Nairobi kwa siku kumi. Fedha tuliziweka kidogo kidogo kwa misimu miwili ya machungwa, na nyingine zilitoka katika cherehani. Hatukukopa wala hatukulala hotelini. Mombasa tulifikia Likoni kwa rafiki yangu, fundi seremala tuliyekua naye kijijini, na Nairobi tulipokewa na shoga yake mke wangu aliyeolewa huko.

Kabla ya kuondoka maneno yalikuwa mengi. Katika ofisi moja nilikokwenda kuulizia taratibu za safari, mhudumu alinitazama juu hadi chini akaniuliza: "Mwalimu wa kijijini unakwenda kufanya nini nje?" Nilipomjibu kwamba nakwenda kutembea na mke wangu, alicheka na kuwaita wenzake waje wasikie. Naye mzee mmoja, jirani yetu ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mwanangu, mtembezi hula miguu yake. Fedha hizo zingeezeka nyumba ya mama yako."

Hoja ya mzee si ya kupuuzwa, maana nyumba ya mama kweli ilihitaji bati. Ila nauliza: mbona mtu akimaliza fedha kama hizo kwa ngoma ya siku mbili, hakuna anayemkumbusha habari za bati?

Sasa niwaeleze wasomaji tuliyoyaona, ili wapime wenyewe.

Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni lami, na ukishavuka Lunga Lunga zinabaki kama kilomita 100 kufika Likoni. Tulikuwa na pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Viza haihitajiki kwa sisi watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huku na huko utawakuta Wadigo wale wale, lafudhi ile ile, hata majina ya watoto ni yale yale. Mstari ule waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hawakumwuliza Mdigo hata mmoja. Darasani mimi huuchora ubaoni kwa chaki kila mwaka, lakini kuuvuka kwa miguu ni somo jingine.

Kutoka Likoni tulivuka kwa feri, ambayo mtembea kwa miguu halipi kitu, tukaenda kuiona Ngome ya Yesu. Ngome hii Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, yaani karibu miaka mitatu, ndipo wakaitwaa. Waingereza nao waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Miaka hii iko vitabuni. Lakini vitabu havimwonyeshi mtu unene wa zile kuta, wala haviwezi kumfanya asimame penye mizinga akatazama mlango wa bahari, akaelewa mara moja kwa nini kila aliyeutaka mji ule alianza na jiwe lile. Kiingilio kwa watu wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wageni wa mbali, na kwa hilo nawashukuru wenzetu.

Jambo jingine ni lugha. Mke wa mwenyeji wetu, mzaliwa wa Mombasa, alimwita mtoto wake akisema, "Ndoo hapa!" Mke wangu akainuka kutafuta ndoo ya maji. Tulicheka sana, kwa kuwa kwao "ndoo" ndiyo "njoo" yetu. Lakini ndipo nilipokumbuka kwamba ulikuwa mkutano uliofanyika Mombasa, mwaka 1928, uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya washairi wakubwa, kilibaki nyumbani kwake. Tangu siku hiyo nikisahihisha insha ya mtoto aliyeandika kwa lafudhi ya kwao, nasahihisha kwa adabu zaidi.

Ndugu Mhariri, siku ya tatu tulikwenda soko la Kongowea, na huko tukakuta machungwa ya Muheza. Nilimwuliza muuzaji yametoka wapi, akajibu bila kusita, "Tanzania, Muheza." Bei yake kwa chungwa moja ilikuwa mara kadhaa ya ile tunayolipwa sisi shambani. Najua kuna nauli, kuna ushuru, kuna yanayooza njiani, na mchuuzi naye lazima ale. Hata hivyo, miaka yote tumekuwa tukiuza kwa bei anayotutajia mnunuzi aliyekuja na lori, kwa sababu hakuna miongoni mwetu aliyejua lori linakwenda kusimama wapi. Niliporudi niliwaeleza wakulima wenzangu nilichokiona, na sasa wameanza kuzungumza habari ya kukusanya mazao na kuuza pamoja. Je, hiyo nayo ni anasa?

Kutoka Mombasa tulipanda treni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mwendo ni saa tano au zaidi kidogo, na njia inakatiza Tsavo, mahali ambapo simba waliwasumbua wajenzi wa reli ya kwanza mwaka 1898. Tuliwaona tembo, wekundu kwa vumbi la huko. Mke wangu alikaa dirishani saa zote hizo na akakataa kusinzia.

Nairobi ina mengi. Tulipanda juu ya jumba la mikutano la Kenyatta lililokamilika mwaka 1973, tukauona mji wote chini yetu. Lakini yaliyotugusa ni mawili.

La kwanza ni Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 wakati reli ilikuwa ya nchi zetu tatu kwa pamoja. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huo huo mwezi wa Februari. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Nilipokuwa nikimweleza hayo mke wangu mbele ya vichwa vya treni vya zamani, alinyamaza, kisha akasema: "Ndiyo maana bibi hakumzika dada yake." Dada huyo aliolewa Msambweni, upande wa Kenya, mahali tulipokuwa tumepita kwa basi kwa muda mfupi tu kutoka mpakani. Alifariki katika miaka ile, na habari ikamfikia bibi baada ya miezi. Sisi tunaopita leo kwa kugongewa muhuri tusidhani njia hiyo ilikuwa wazi siku zote. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999, na kazi ya kuilinda si ya viongozi peke yao. Watu wasiotembeleana hawatakuwa na cha kulilia siku mlango utakapofungwa tena.

La pili ni bustani ya kumbukumbu, pale lilipokuwa jengo la ubalozi wa Marekani lililolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Majina ya waliokufa yameandikwa ukutani, na Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu 200. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam nayo ililipuliwa, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Mwenyeji wetu alituonyesha ukuta ule akasema, "Huu ni msiba wetu na wenu." Hatukuwa na la kuongeza.

Nimalizie na la nyumbani. Mimi na mke wangu tumeoana miaka tisa. Kabla ya safari hii, kila tuliposafiri pamoja tulikuwa tunakwenda msibani au hospitali. Nilimjua kama mama wa watoto wangu na fundi wa nguo. Sikumjua kama mtu anayeweza kuuliza maswali katika makumbusho mpaka mwongozaji akamwomba apumzike kidogo. Nadhani naye aliona kwangu mambo ambayo kijijini hayaonekani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, ofisi zinazohusika na safari ziwaeleze wananchi wa vijijini, kwa Kiswahili chepesi, hati zipi zinatakiwa na zinapatikana wapi, badala ya kuwacheka. Pili, walimu wenzangu, hasa tunaofundisha historia, jiografia na Kiswahili, tujiwekee akiba tuone tunayoyafundisha. Anayeshindwa kwenda ng'ambo ya mpaka aanze na wilaya ya jirani. Tatu, anayesafiri akae kwa marafiki, na awe tayari kuwapokea siku yao ikifika. Wenzetu wa Likoni tumeshawaalika, nao wanakuja Desemba.

Bati za mama, kwa taarifa ya mzee jirani yangu, tumenunua kumi na mbili mwezi uliopita, na zilizobaki tutanunua msimu ujao wa machungwa.

Ni mimi,
Mwalimu wa Kijijini,
Muheza, Tanga.