Unapamba glasi kwa rangi nyumbani? Usipake sehemu inayogusa mdomo

Glasi sita za kawaida, zile zisizo na maua wala maandishi. Chupa ndogo tatu au nne za rangi ya vioo. Brashi nyembamba. Jioni moja tu inatosha kuzigeuza zikawa seti ambayo hakuna jirani mwenye kama yake.

Ndiyo raha ya kazi hii. Haihitaji chuo wala mashine, na glasi yenye jina la bibi harusi ni zawadi nzuri ya kitchen party bila gharama kubwa.

Shida ni kwamba video ya sekunde 30 mtandaoni inaonyesha maua yakichorwa, halafu inaisha. Haisemi rangi hiyo ni ya aina gani, wala kwamba glasi si fremu ya picha ya kutundika ukutani. Hii mtu ataiweka mdomoni, na huenda mtu huyo ni mtoto.

Haya ndiyo ya kujua kabla hujafungua chupa ya rangi.

Sentimita 2 za juu ziache tupu

Wanaopima usalama wa vyombo vya kunywea wana sehemu wanayoiangalia kwa makini zaidi: ukanda wa nje wa milimita 20, kuanzia ukingo wa juu kushuka chini. Hapo ndipo midomo inapofika. Kwenye ukanda huo hupimwa kiasi cha madini ya risasi na kadimiamu kinachoweza kutoka kwenye mapambo.

Nyumbani huna maabara. Njia rahisi ni kuuacha ukanda huo bila rangi kabisa. Milimita 20 ni sentimita 2, karibu upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Zungushia masking tepu, ile ya mafundi rangi, kabla ya kuanza kuchora.

Ndani ya glasi usipake hata tone. Juisi ya ndimu, ukwaju au embe ina asidi, na asidi husaidia kuyatoa madini hayo kwenye rangi na kuyaingiza kwenye kinywaji.

Kwa nini risasi inaogopwa hivyo?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto wadogo ndio wako hatarini zaidi. Risasi ikiingia tumboni, mwili wa mtoto unaweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho mwili wa mtu mzima ungefyonza, na madhara yake yanagusa ukuaji wa ubongo.

Kadimiamu nayo, ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu, huharibu figo na mifupa.

Hata viwanda vikubwa vimewahi kukwama hapa. Juni 2010, McDonald's iliziita zirudishwe glasi takribani milioni 12 nchini Marekani zenye picha za filamu ya Shrek, baada ya kadimiamu kukutwa kwenye rangi ya picha hizo. Picha zilikuwa nje ya glasi. Hofu ilikuwa kwamba mtoto anaishika glasi, kisha anapeleka mkono mdomoni.

Kwa hiyo kuacha ukingo mtupu ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kuchagua rangi.

Rangi ipi ununue?

Madukani na mitandaoni utakutana na aina kadhaa, na zote muuzaji anaweza kukuambia "hii inashika kwenye kioo". Kushika ni jambo moja, kufaa kwa glasi ya kunywea ni jambo lingine.

- Rangi ya vioo ya maji, inayookwa kwenye oveni. Hii ndiyo ya kutafuta kwa ajili ya glasi. Mfano unaojulikana ni Vitrea 160 ya kampuni ya Pébéo ya Ufaransa. Hiyo 160 ndiyo joto la kuiokea. Ikikauka na kuokwa vizuri, inavumilia kuoshwa.

- Rangi ya vioo inayochanganywa na thina. Inang'aa na kupitisha mwanga kama vioo vya rangi vya madirishani. Inapendeza kwenye taa, chupa za mapambo na fremu. Kwa glasi ya kila siku haifai, maana haijatengenezwa kuoshwa mara kwa mara.

- Rangi ya kucha. Ndiyo, inashika kwa siku chache, kisha inaanza kubanduka vipande vipande. Iache kwenye kucha.

- Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti au mlango. Hii usiiguse kabisa kwa kazi hii. Rangi za mafuta za majumbani, hasa njano na nyekundu, ni miongoni mwa zile ambazo zimekuwa zikikutwa na risasi katika nchi nyingi. Umoja wa Mataifa unapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, lakini kopo la zamani stoo halitakuambia lina kiasi gani.

Angalia pia maneno kwenye chupa. "Non-toxic" maana yake rangi haina sumu ukiitumia kama ilivyoelekezwa, basi. Haimaanishi kwamba inafaa kugusana na chakula au kinywaji. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala maelekezo yoyote, irudishe kwenye kaunta.

Namna ya kuchora, hatua kwa hatua

Kioo ni laini na hakina vitundu vya rangi kujishikiza. Ukiongeza mafuta ya vidole, rangi inateleza. Ndiyo maana usafi ni nusu ya kazi.

1. Osha glasi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikaushe vizuri.
2. Ifute nje kwa pamba yenye spiriti, ukiwa mbali na moto. Baada ya hapo ishike kwa ndani au kwa kitako.
3. Funga masking tepu kwenye zile sentimita 2 za juu.
4. Hujui kuchora? Chora au chapisha picha kwenye karatasi, ibandike ndani ya glasi ikitazama nje, kisha fuatisha mistari kwa brashi.
5. Kwa eneo kubwa, donoa rangi kwa kipande cha sponji badala ya kuburuza brashi. Michirizi haitaonekana.
6. Paka tabaka jembamba. Likikauka, ongeza la pili. Rangi nene hutiririka na kuchelewa kukauka.
7. Ukikosea, futa mapema kwa pamba za masikioni zenye maji. Ikishakauka, itabidi ukwangue.
8. Bandua tepu kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo itaondoka na ukingo wa mchoro.

Kuoka: hapa ndipo wengi wanaharibu

Rangi iliyokauka juu juu bado haijakomaa. Joto ndilo linaloifanya ijifunge na kukishika kioo. Kwa Vitrea 160, maelekezo ni kuiacha saa 24 ikauke, kisha kuioka kwa nyuzi joto 160 kwa dakika 40. Rangi nyingine zina namba zao, kwa hiyo fuata chupa yako, siyo video.

Weka glasi kwenye oveni ikiwa bado ya baridi, kisha washa. Anza kuhesabu dakika pale oveni inapofika kwenye joto lake. Zikitimia, zima na uiache glasi humo humo hadi ipoe. Kioo cha kawaida kikipata joto au baridi ghafla, upande mmoja hutanuka au kusinyaa kabla ya mwingine, na hapo ndipo kinapasuka.

Fungua madirisha, na usioke chakula kwa wakati huo.

Huna oveni? Usijaribu jiko la mkaa, joto lake halitulii na haligusi pande zote sawa. Maikrowevu nayo haifai, na rangi zenye chembe za chuma zinaweza kutoa cheche. Kuna rangi zinazokomaa zenyewe bila moto, baadhi baada ya siku 21. Inahitaji subira, lakini inawezekana.

Itadumu muda gani?

Kiwandani, rangi ya glasi huwa na unga wa kioo ambao huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi joto 500 hadi unakuwa kitu kimoja na glasi. Mafundi wa Misri na Syria walitumia mbinu ya namna hiyo kwenye taa za misikiti katika karne ya 13 na 14, na rangi za taa hizo bado zinaonekana kwenye makumbusho. Rangi ya nyumbani haifiki huko. Inabaki juu ya kioo kama ngozi nyembamba.

Kwa hiyo itunze. Osha kwa mkono na sponji laini, usitumie waya wa kusugulia sufuria, na usiiloweke usiku kucha. Kila baada ya wiki kadhaa pitisha ukucha juu ya mchoro. Ukiona unabanduka, glasi hiyo imestaafu kunywewa. Weka maua au kalamu.

Ukiamua kuuza

Wapo wanaoanza kwa glasi za nyumbani, wakapokea oda kupitia WhatsApp. Ni biashara halali na nzuri, ila mteja wako haioni chupa ya rangi uliyotumia. Mwandikie kwenye kikaratasi mambo matatu: aina ya rangi, namna ya kuosha, na kwamba glasi isiwekwe kwenye maikrowevu.

Na mteja akiomba jina lake liandikwe juu kabisa ukingoni ili lionekane vizuri kwenye picha, mshushie kidogo. Litaonekana vilevile.