Santuri Kuukuu na Sikio la Mwanaisimu

Kusini mwa Maniema Kiswahili kilitia mizizi katika karne ya 19, Kasongo na Kabambare zilipokuwa vituo vya misafara ya biashara. Barua za zamani hazionyeshi matamshi yote, santuri huyasikizisha. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayeunganisha mashine ya santuri na redio ya zamani yenye kikuza sauti hana budi kukitambua kwanza kichwa cha sindano.

Kichwa cha sumaku hutoa umeme hafifu mno, takriban milivolti 5. Huingizwa katika tundu la PHONO, ambalo huukuza na kuirudisha besi iliyopunguzwa santuri ilipochongwa. Ukiingizwa katika AUX, sauti hufifia na kuwa kali, na irabu hupoteza unene wake. Kichwa cha kauri, chenye nguvu nyingi zaidi, ndicho cha AUX. Waya wa ardhi nao ufungwe kwenye skrubu ya redio, la sivyo mvumo utazifunika nazali.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika hudai sindano nene, mikroni 75 hivi. Ile ya 25 huzama mferejini na kukwaruza.

Linalosahauliwa zaidi ni jenereta. Mota nyingi za mashine hizo hufuata mapigo ya umeme: yakishuka kutoka hezi 50 hadi 48, santuri ya 78 huzunguka mara 75 tu, na kidatu cha msemaji hushuka pasipo yeye kukishusha.