Pikapu ya Dizeli Inazimika Mlimani. Kwa Nini?

Fikiri safari hii. Pikapu ya kijiji imebeba mgonjwa kwenda hospitali. Ni gari la zamani, Hilux ya dizeli. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Mlimani inakosa nguvu, inakohoa, kisha inazimika. Dereva anangoja dakika 10. Anapiga stata, injini inawaka. Mbele kidogo inazimika tena.

Watu husema, "Injini imekufa." Tusikubali upesi. Injini iliyokufa haiponi kwa kupumzika. Mara nyingi ina njaa tu. Dizeli haiifikii ya kutosha.

Kwanza weka gari salama. Injini ikizimika, breki huwa ngumu kukanyaga. Vuta breki ya mkono, tia gia, weka mawe nyuma ya magurudumu.

Sasa fungua kifuniko cha tangi. Je, unasikia hewa ikiingia, "fyuu"? Basi tundu la kupitisha hewa limeziba. Lisafishe. Kazi hiyo haina gharama.

Kisha tazama chujio la dizeli. Chini yake kuna skrubu. Weka kopo, ilegeze, toa maji yaliyotuama. Chujio likiwa limechakaa, weka jipya. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, huenda upepo unaingia mahali.

Hapa hata mafundi hudanganyika. Wanatafuta mpira unaovuja, hawauoni. Lakini katika Hilux hizi, pampu ya injini huvuta dizeli kutoka tangini, kama wewe unavyonyonya maji kwa mrija. Mrija wenye ufa haumwagi maji. Unaleta upepo. Basi kagua kila mpira na kila klipu, tangu tangini hadi kwenye pampu. Mpira wenye nyufa ubadilishwe.

Bado inazimika? Jaribu kwa dumu, gari likiwa limesimama. Tia dizeli safi ndani ya dumu. Chomoa kwenye chujio mpira unaotoka tangini. Mahali pake unganisha mpira safi unaotoka kwenye dumu. Dumu likae imara, mbali na feni na ekzosi. Washa injini, kanyaga mafuta. Ikinguruma bila kukatika, huenda ubovu uko tangini au kwenye bomba lake. Huenda uchafu umeziba chujio dogo la ndani ya tangi. Injini ikizimika, uchafu huo hutulia chini. Ndiyo maana gari "linapona" likipumzika! Tangi lishushwe, lioshwe.

Moshi ukiwa mweusi, kagua chujio la hewa. Vumbi huliziba upesi.

Bomba za nozeli usiziguse. Dizeli hutoka humo kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Hiyo ni kazi ya fundi wa pampu. Mwambie yote uliyokwisha kukagua, asije akafungua pampu bure na kukutoza fedha.