Nani Asikie?

Kwamba Mungu anasikia mtu anapoungama, hakuna Mkristo aliyewahi kubisha. Ubishi umekuwa juu ya masikio ya watu: je, dhambi yangu isikiwe na kanisa zima, na padri peke yake, au isisikiwe na mtu yeyote?

Kanisa la mwanzo lilitaka jumuiya nzima ihusike. Tertullian, aliyekuwa akiandika mjini Carthage mwanzoni mwa karne ya 3, anamweleza mtubu aliyevaa gunia na kujitia majivu, anayelia na kuwapigia magoti wazee wa kanisa, akiwasihi ndugu wamwombee. Hayo hayakuwa ya makosa madogo ya nyumbani. Yalihusu dhambi nzito, kama kuabudu miungu, kuzini na kuua, na baada ya ubatizo nafasi hiyo ilitolewa mara moja tu maishani. Mjini Roma watubu walirudishwa kundini siku ya Alhamisi Kuu, ili Pasaka iwakute wamepatanishwa. Haishangazi kwamba wengi waliiahirisha toba mpaka walipokuwa mahututi.

Tena hadhara ina hatari zake. Mwaka 459 Papa Leo I aliwaandikia maaskofu wa Italia barua kali, kwa kuwa baadhi yao waliruhusu dhambi za mtu ziandikwe na kusomwa mbele ya watu. Alikataza. Mengine katika hayo, alisema, yangeweza kumtia mtubu mikononi mwa maadui zake na mwa sheria. Amwambie padri, yatosha.

Lakini waliobadilisha desturi kwa kweli walikuwa wamonaki wa Ireland. Kwao mtu aliungama faraghani, na kila alipoanguka aliweza kurudi tena. Walitunga vitabu vya malipizi vilivyosomeka kama orodha ya bei dukani: kosa hili, siku kadhaa za mkate na maji, kosa lile, miaka. Columbanus na wenzake walivuka na desturi hiyo hadi bara la Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 6. Maaskofu waliokutana Toledo mwaka 589 waliona ni aibu mtu kusamehewa kila anapoomba. Hawakufua dafu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kila muumini aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Agizo hilohilo linamgeukia padri: akiitoa siri ya maungamo, avuliwe upadri na kufungiwa monasterini afanye toba maisha yake yote. Ukali huo ni wa haki kabisa. Ukishamlazimisha mtu aseme, huna budi kumlinda.

Kile kibanda cha mbao chenye dirisha la wavu, ambacho wengi hudhani ni cha tangu enzi za mitume, kilienea katika karne ya 16 kwa juhudi za Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milan. Alitaka kuwe na kizuizi kati ya padri na mwungamaji, hasa akiwa mwanamke, ili kashfa isipate nafasi.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa inaelekea kwingine. Kitabu cha Sala cha mwaka 1552, kazi ya Thomas Cranmer, kiliweka maungamo ya wote mwanzoni mwa sala ya asubuhi. Watu hupiga magoti na kuyasema kwa sauti moja. Mahali ambapo hakuna padri, anayeongoza ibada hawezi kuwatamkia watu ondoleo. Desturi humtaka ajihesabu miongoni mwao na kuomba "utusamehe". Hapo kila mtu anasema na hakuna anayemsikia jirani yake. Nakiri kuwa utaratibu huo unanipa mashaka kidogo: mtu anaweza kuusema miaka arobaini bila kuitaja dhambi yake hata moja.

Walokole waliliona hilo. Katika Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, Waanglikana waliolelewa na kitabu kilekile walianza kusimama mbele ya ndugu na kutaja kosa kwa jina lake: nimeiba, nimemchukia fulani. Aliyeiba alikwenda kurudisha mali kwa mwenyewe. Viongozi wengi wa kanisa walikosa raha, hasa zilipotajwa dhambi za chumbani, na hofu yao ni ileile ya Papa Leo.

Wakatoliki nao, tangu misale mpya ya mwaka 1969, huungama pamoja mwanzoni mwa Misa, wakijipiga kifua, kwa sala ambayo zamani ilikuwa ya padri na mtumikiaji chini ya altare. Ondoleo linalofuata si sakramenti. Taratibu za kitubio za mwaka 1973 zinaruhusu watu wengi waondolewe dhambi kwa pamoja pale tu panapokuwa na hatari ya kifo au dharura kubwa. Umati wa sikukuu au wa hija peke yake hauhesabiwi kuwa dharura. Na hata aliyeondolewa hivyo, kama ana dhambi ya mauti, anabaki na deni: atakapompata padri, amwendee peke yake na kuitaja.