Mizani na Daftari: Habari za Ushirika wa Pamba katika Usukuma

Leo twataka kueleza habari za ushirika wa wakulima. Mfano wetu twautoa katika nchi ya Usukuma, hasa Bariadi pamoja na wilaya zilizo jirani yake, yaani Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa mkoa mmoja uitwao Simiyu. Mkoa huu ndio unaoongoza katika Tanzania kwa kilimo cha pamba, na pamba ndiyo iliyowafundisha wenyeji wa huko faida za ushirika na hatari zake pia. Neno tunalotaka mlishike ni hili: ushirika hauishi kwa jina lake wala kwa jengo lake. Huishi kwa vitu viwili, mizani ya kweli na daftari lililo wazi.

Ushirika wa jembe

Kushirikiana si jambo geni kwa Wasukuma. Tangu zamani vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima, na mkuu wao aliitwa nsumba ntale. Mtu mwenye shamba kubwa, au aliyepatwa na ugonjwa wakati wa kilimo, alikwenda kwa mkuu huyo kuomba msaada. Siku iliyowekwa ilipofika, vijana walikuja na majembe yao, ngoma ikapigwa, wakalima kwa mstari mmoja, na mwenye shamba akawaandalia chakula. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hucheza na majembe mikononi, asili yake ni kazi hiyo. Lakini aliyekosa kufika bila ya sababu alitozwa faini. Basi angalieni: hata katika furaha ile ya ngoma palikuwa na sheria, na palikuwa na hesabu. Aliyelimiwa leo alijua ya kwamba kesho naye atadaiwa jembe lake.

Kadhalika ilikuwapo desturi ya ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa ili majani na miti vipate kumea. Na kiangazi kikikaza, hufunguliwa, ng'ombe wakapata chakula wakati ambapo mahali pengine pamekauka. Kwa miaka mingi miti ilikatwa, wengine wakitaka kuwafukuza mbung'o, ambao pia huitwa ndorobo, na wengine wakitaka mashamba ya pamba. Ngitili zikapungua, na nchi ikawa tupu. Mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianza kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Kazi hiyo ilifanikiwa hasa kwa sababu iliitegemea desturi ya wenyeji wenyewe: ngitili zilirudishwa, vijiji vikaweka sheria za kuzilinda, na miti ikaota tena katika maelfu mengi ya hekta. Ngitili haina ukuta. Ukuta wake ni mapatano ya watu, na mtu mmoja akiingiza ng'ombe wake kwa siri usiku, huyo amebomoa ukuta wa wote.

Kwa nini kuuza ni kugumu kuliko kulima

Sasa mtu aweza kuuliza, kama watu walijua kusaidiana tangu zamani, ushirika mpya ulihitajiwa kwa nini? Jawabu ni kwamba msaada wa jembe hukoma siku ya mavuno. Mahindi na mtama mkulima aweza kuvitia ghalani mwake akala. Pamba hailiwi. Kwanza hapana budi ipelekwe kinuni itenganishwe nyuzi na mbegu: katika kilo 3 za pamba iliyotoka shambani, kadiri ya kilo 1 ndiyo nyuzi, na kilichobaki karibu chote ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulisha mifugo. Kisha nyuzi husafirishwa mbali, hata nchi za ng'ambo. Mkulima wa ekari 2 hana kinu wala meli. Anachoweza ni kubeba mzigo wake mpaka penye mnunuzi, na kutazama mshale wa mizani ambayo si yake.

Hapo ndipo penye hatari. Tufanye hesabu ndogo, ambayo wanafunzi waweza kuifuata ubaoni. Tuseme mkulima ameleta magunia 10, na mizani inapunja kilo 2 katika kila gunia. Hilo ni jambo dogo, jicho halilioni. Lakini katika magunia 10 amekwisha kupoteza kilo 20. Ikiwa bei ni shilingi 1,200 kwa kilo, kama bei iliyotangazwa katika msimu wa mwaka 2019, amepoteza shilingi 24,000. Tena tuseme wakulima wa kijiji hicho ni 300, na kila mmoja amepunjwa vivyo hivyo: kijiji kimepoteza shilingi 7,200,000 bila ya mwizi kuonekana. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaweza kuongeza kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Jinsi wakulima walivyoishika mizani

Ushirika wa namna hii haukuanzia Usukuma. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji, walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe, lenye vipimo vya haki na bidhaa zisizochanganywa na takataka. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe tajiri awe maskini. Huku kwetu, sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU.

Katika nchi ya pamba mambo yalichelewa. Ununuzi na vinu vilikuwa mikononi mwa wafanya biashara, na malalamiko ya wakulima juu ya mizani yalikuwa ya siku nyingi. Miaka ya mwanzo baada ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kujikusanya. Mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana aitwaye Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Jambo la kwanza walilolitaka halikuwa kinu wala jengo kubwa. Walitaka kuwa na watu wao wenyewe wa kuipima pamba, ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake. Mkulima alipouona uzito wa kweli kwa macho yake, alifahamu maana ya ushirika bila ya kuhitaji hotuba.

Vyama vya msingi vikaandikishwa kijiji baada ya kijiji, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika chama kikuu kilichojulikana kwa herufi VFCU. Kabla ya miaka kumi kupita, ununuzi wa pamba yote ya Jimbo la Ziwa ulikuwa umeingia mikononi mwa wakulima, nao walikuwa na vinu vyao. Chama hicho kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Jinsi ushirika ulivyougua

Lakini chama kilipokuwa kikubwa, mwanachama alikuwa mbali na daftari. Makarani waliongezeka, makato yakaongezeka, na wengi hawakujua kinachokatwa ni nini. Mwaka 1966 Serikali iliweka kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Miongoni mwa kasoro ilizoziona ni kwamba wanachama wengi hawakufundishwa haki zao, viongozi na makarani wengine hawakuwa na ujuzi au uaminifu, na mambo ya siasa yaliingizwa katika kazi za chama. Mwaka 1968 VFCU iligeuzwa ikawa Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na ununuzi ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama virudi, navyo vikaundwa upya tangu 1984. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vingi vilivyokuwa na madeni vikashindwa kushindana nao.

Twajifunza nini? Chama kilichoanzishwa na wakulima kiliweza kuvunjwa kwa amri moja, na wengi hawakukilia, kwa sababu walikuwa wameacha kukiona kuwa ni chao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa na wenyewe ni sawa na kutokuwa na daftari.

Kazi iliyo mbele ya kijiji leo

Siku hizi mkulima wa Bariadi huuza pamba yake kwa njia ya chama cha msingi kiitwacho AMCOS, na vyama hivyo vina chama kikuu cha mkoa, SIMCU. Sheria inayoviongoza ni ya mwaka 2013, iliyounda pia Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lakini sheria njema haimpimii mtu pamba yake. Mwaka 2019 bei ya dunia ilipoanguka, wanunuzi walichelewa kutoa fedha, na wakulima wengi walikaa siku nyingi wameshika stakabadhi bila ya malipo. Wakati kama huo ndipo mwanachama anapojua kama katibu wake ameandika kweli, kwani stakabadhi yake ndiyo mali yake yote. Basi yafaa tuyataje mambo manne ambayo kila kijiji chaweza kuyafanya.

La kwanza, ijaribuni mizani kabla ya kununua kuanza. Tazameni kama ina alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Kisha chukueni ndoo tupu muipime. Mimineni maji safi kwa kipimo cha lita 1 kilichohakikiwa, mara 20, mpime tena. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo mizani haina budi kuonyesha kilo 20 zaidi ya uzito wa ndoo. Ikionyesha pungufu, au zaidi, isitumike mpaka itengenezwe. Jambo hili hata watoto wa shule waweza kulifanya mbele ya wazazi wao.

La pili, daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni. Mbegu na dawa zilizotolewa kwa mkopo, ushuru wa chama, na makato mengine yote yatajwe kwa jina na kwa kiasi. Mwanachama akiuliza, asionekane mgomvi. Aulizaye anakijenga chama, na anyamazaye anamfungulia mwizi mlango.

La tatu, haki ni ya pande mbili. Wako wakulima wanaotia maji au mchanga katika pamba ili izidi uzito. Huyo naye ni mwizi wa mizani. Pamba chafu huharibu nyuzi, sifa ya pamba ya mahali hapo hushuka, na bei ikishuka humpata aliyechanganya na asiyechanganya. Chama kinachodai mizani ya kweli kwa mnunuzi, hakina budi kudai pamba ya kweli kwa wanachama wake.

La nne, ng'oeni masalia ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma. Wadudu wa pamba, na hasa funza, hujihifadhi katika miti na vitumba vilivyoachwa shambani, wakangojea msimu ujao. Funza hajui mpaka wa shamba. Jirani 20 wakisafisha mashamba yao, na 1 akaacha, yeye amewafugia wadudu wote 20. Zamani nsumba ntale angalikwenda na vijana wake kulimaliza shamba hilo kwa siku moja, na mwenyewe angalitozwa faini. Hakuna kinachokizuia chama cha leo kuweka kanuni kama hiyo.

Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo sote twaijua. Lakini kuwa na vidole vingi hakutoshi, kama kila kimoja chaelekea upande wake. Wazee wa Usukuma walijua nani alikuja na jembe na nani hakuja, na kwa kujua hivyo ushirika wao ulidumu. Wakulima wa miaka ya 1950 walijua uzito wa pamba yao, na kwa kujua hivyo walipata vinu. Msimu utakapofunguliwa, yaulizeni makarani wenu mambo hayo hayo: mizani imejaribiwa na nani, na daftari litasomwa siku gani? Chama chenye majawabu hayo mawili, kitunzeni. Kisicho nayo, kitengenezeni mapema, kabla pamba haijatoka shambani.